Habari za Mguu wa Mzee Breki na Nyuzi Mia Mbili na Ishirini

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama. Enyi wa jikoni punguzeni moto, enyi wa simuni kateni maongezi, kwa maana zimefika habari ambazo zikisubiri zitachacha. Ni habari za bahari isiyoonyesha ukingo, za mashua moja nyeupe yenye matanga mawili, za sindano ya dira iliyokataa kutii, na za mguu mmoja wa kulia, wa kiatu namba arobaini na nne, uliopigana vita kwa muda wa saa tatu na mwenye mguu mwenyewe. Ewe kalamu, usiteleze. Ewe pumzi, usikatike katikati ya sentensi, maana sentensi za leo ni ndefu. Nawe ulimi, tia chumvi kwa kiasi, ile ya baharini inatosha.

Alikuwapo mtu, na bado yupo, na ukimpigia simu sasa hivi atapokea mlio wa kwanza, aitwaye Mzee Breki. Jina alilopewa na wazazi wake limelala kwenye kitambulisho, halisumbui mtu. Mji mzima ulimjua kwa hilo la Breki, kwa kuwa kwa miaka thelathini na moja alifundisha udereva katika gari dogo jeupe lenye breki mbili: ya mwanafunzi, ambayo haikuaminika, na ya mwalimu, chini ya mguu wake wa kulia, ambayo ndiyo iliyookoa kuta, nguzo, mbuzi na wauza magazeti wasio na hesabu. Huyo ndiye Mlinzi wa Kona, Bwana wa Njia Panda, Mkanyagaji Asiyesinzia! Wanafunzi elfu nne na ushei walishuka kwenye gari lile wakiwa wameambiwa na kinywa chake neno moja, “Umefaulu,” neno ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kuambiwa na kiumbe yeyote, kwani gari alifundishwa na mjomba wake kwa makofi, na leseni alipewa na karani aliyegonga muhuri bila kuinua uso.

Miezi minne kabla ya vita hivi alistaafu. Walimpa keki na saa ya ukutani, wakampigia makofi, kesho yake wakampa kijana mwingine ufunguo wa gari jeupe. Mzee Breki akarudi nyumbani akaanza kukaza skrubu ambazo hazikulegea, akahamisha kabati la vyombo mara tatu kwa wiki moja, mpaka mkewe akamwambia akitaka kuhama na kabati ahame nalo. Aliogopa, nami nasema wazi kwa kuwa yeye aliimeza hofu hiyo, kwamba amekuwa mzigo, na kwamba hakuna tena mahali duniani ambapo yeye akikosekana kazi inasimama.

Basi mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, ana kazi ya kupeleka mashua za watu kutoka bandari hadi bandari. Mwenye mashua anapanda ndege, mkwe anapanda mashua. Mzee Breki aliposikia kuna safari ya siku nane kwenda kisiwa kimoja, alijialika mwenyewe pale pale mezani, akamwalika na mkewe, wala hakungoja jibu. Akaenda kununua kofia. Ndivyo walivyosafiri wanne: Nahodha, ambaye ni huyo mkwe; mumewe Fundi, fundi wa umeme na mtu wa maneno machache; Mama, mke wa Mzee Breki kwa miaka arobaini, na Mzee Breki mwenyewe, amevaa glavu zake za ngozi za udereva, zile zenye matundu ya kupumulia vidole. Na jueni, ili muelewe uchungu wa yatakayokuja, kwamba Nahodha huyo aliwahi kuwa mwanafunzi wa gari jeupe, na Mzee Breki alimwangusha mara mbili kwa kosa la kuegesha kinyumenyume.

Siku ya tatu ya safari, mtambo unaoshika usukani peke yake ulitoa harufu, ukatoa moshi mwembamba, ukanyamaza. Fundi akaingiza kichwa ndani ya sanduku la chini ya kiti, akabaki miguu tu inaonekana, akakaa humo tangu asubuhi hadi chai ya jioni, kisha akatoka na kutamka hukumu.

“Kimeungua.”

“Kimeungua kiasi gani?” Nahodha akauliza.

“Kabisa.”

Tangu hapo mikono ya binadamu ikachukua nafasi ya mtambo. Nyuma ya mashua kuna viti viwili virefu vinavyotazamana, na kati yake kuna kana, yaani ule mpini mrefu wa mbao unaogeuza usukani, wenye ukaidi wake: ukiuvuta kushoto, mashua inakwenda kulia. Kila mtu alipewa zamu ya saa tatu, na amri ikawa moja kwa wote: sindano ya dira ikae kwenye nyuzi mia mbili na ishirini. Mama, ambaye hajawahi kuendesha hata toroli, alishika kana mkono mmoja, mkono wa pili akila biskuti, akasimulia harusi ya binti wa jirani mwanzo hadi mwisho, na alama ya povu ikabaki nyuma yake imenyooka kama suruali iliyopigwa pasi. Mzee Breki akashika kwa mikono miwili, meno yameumana, macho yametoka, na povu lake likapinda vibaya hata Fundi aliyekuwa akipiga mswaki akasimama kulitazama.

Siku ya tano, adhuhuri, baraza kuu likaketi kwenye meza ya ndani, meza ambayo watu wanne wakiikalia magoti yao hugongana. Nahodha akatandaza ramani, akaweka kidole.

“Baba, usinielewe vibaya.”

“Ukianza hivyo nimeshakuelewa vibaya,” akasema Mzee Breki.

“Umeshika zamu tatu. Zote tatu tumeondoka kwenye mstari, na zote tumekwenda kulia. Ya leo ni maili nne.”

Hapo Mzee Breki akasimama, akagonga kichwa kwenye dari, akakaa nusu, akanena: “Enyi wa mashua hii! Mimi niliyepita barabara ya soko siku ya mnada, na gari likiendeshwa na mtu aliyefumba macho, nikatoka bila mkwaruzo, leo naambiwa siwezi kwenda mbele mahali pasipokuwa na gari, pasipokuwa na mtembea kwa miguu, pasipokuwa na hata kona! Upepo ndio mkosaji. Upepo unatoka kushoto nyuma, unatusukuma kulia. Ushitakiwe upepo!”

“Upepo wa Mama ni huo huo,” Nahodha akasema kwa upole.

Mama akatazama kucha zake.

“Kisiwa ni kidogo, Baba,” Nahodha akaendelea. “Tukikipita kwa kulia tutarudi tukipigana na upepo siku nzima, na mwenye mashua anaitaka Jumamosi. Kesho nakupa zamu ya saa tatu asubuhi mpaka saa sita. Nitachora mstari kwenye ramani. Skrini ya kutuonyesha tulipo nitaizima tutunze betri, nitaiwasha saa sita kamili. Tukiwa ndani ya maili moja kutoka kwenye mstari, unabaki na zamu zako hadi bandarini. Tukizidi hapo…” Akashusha macho, maana huyu ni baba wa mumewe. “Tukizidi, naomba unisaidie jikoni.”

Unisaidie! Neno laini, lenye makali ndani. Mzee Breki alilijua vizuri, kwa kuwa ndilo alilokuwa akilitumia yeye kwa walioshindwa: njoo Jumatatu tusaidiane. Moyo ukamshuka hadi kwenye soksi. Hata hivyo akajikaza kisabuni, akainua mkono wenye glavu, akaapa kwa gari jeupe na breki zake mbili kwamba kesho sindano itanyenyekea.

“Kula kwanza,” mkewe akasema. “Wali unapoa.”

Ikapambazuka siku ya sita, siku ambayo wanahistoria wa baadaye watakosana juu yake. Mawimbi yalikuja kutoka nyuma, moja baada ya jingine, marefu, ya buluu, kila moja likiinua matako ya mashua, likiisukuma iteremke kwa kasi, kisha likipita chini yake na kuiacha ikipumua. Saa tatu kasoro dakika mbili Mzee Breki akatokea mlangoni amevaa kwa vita: kofia mpya imefungwa kamba kidevuni, miwani imefungwa kamba shingoni, jaketi la kuokolea limefungwa mikanda yote mpaka ule usio na kazi, na glavu.

“Shikamoo, Baba,” akasema Nahodha, aliyekuwa kwenye kana.

“Marahaba, mwanangu. Nikabidhi silaha.”

“Mia mbili ishirini.”

“Mia mbili ishirini, nimepokea.”

Nahodha akateremka ndani, akawasha skrini, akachora mstari, akazima, akajilaza, kwa kuwa zamu ya alfajiri ilikuwa yake. Fundi alikuwa tena amezama sandukuni, miguu nje. Nje wakabaki wawili: shujaa kwenye kiti cha kushoto, kana mkononi, na mkewe kwenye kiti cha kulia, akishona soksi iliyotoboka kidole gumba.

Na hapo vita vikaanza! Wimbi la kwanza likaja, mashua ikateremka, sindano ikaruka hadi mia mbili thelathini na moja. Mzee Breki akaisukuma kana, akairudisha. La pili likaja, sindano ikaruka mia mbili thelathini na nne. Akairudisha tena, akatokwa jasho chini ya kofia, akaikaripia sindano kwa jina la ukoo wake. La tatu, la nne, la tisa. Kila wimbi mashua ilikwenda kulia, na kila mara alipoirudisha alichelewa, na tanga kubwa likawa linapiga makofi ya dhihaka juu yake, paa, paa, kama hadhira iliyolipia viti vya mbele. Dakika hamsini zikapita hivyo. Alipogeuka kuutazama mkia wa povu, aliuona umelala baharini umejikunjakunja, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kushika usukani Mzee Breki akafikiri kwamba labda mahali pake kweli ni jikoni.

“We baba,” akasema mkewe, uzi mdomoni, “huo mguu wako unafanya nini?”

“Mguu gani?”

“Wa kulia. Unapiga kiti changu teke.”

“Mguu wangu umetulia, mke wangu. Usinitoe vitani kwa maneno ya miguu.”

Wimbi likaja, mashua ikateremka kwa kasi, na kabla Mzee Breki hajafunga mdomo, mguu wa kulia ukaruka wenyewe, ukakanyaga ubao wa kiti cha mkewe kwa kishindo. Alipokanyaga, mgongo ukaegemea nyuma. Mgongo ulipoegemea nyuma, mikono ikafuata. Mikono ilipofuata, kana ikavutwa kushoto. Na mashua, mtumishi mtiifu, ikageuka kulia nyuzi kumi na mbili.

Wote wawili wakautazama mguu.

“Unafunga breki,” mkewe akasema.

Ukweli ulikuwa umesimama uchi mbele yao. Miaka thelathini na moja, kila gari liliposhika kasi bila idhini yake, mguu huu ulikuwa umekanyaga, na hakuna aliyeuarifu kwamba umestaafu. Ulikanyaga wakiwa abiria kwenye gari la mwana wao. Ulikanyaga kwenye kochi, televisheni ikionyesha mbio za baiskeli. Na sasa ulikuwa unakanyaga bahari, ambayo haina breki.

“Mke wangu,” Mzee Breki akanena, sauti imepungua, “nimesalitiwa na kiungo changu mwenyewe.”

“Si msaliti, ana mazoea tu. Mzuie.”

Akajaribu kuuzuia. Akauonya mguu waziwazi, akauita kwa cheo, akauahidi kupumzishwa kwa heshima zote. Wimbi likaja, mguu ukakanyaga. Akavua kiatu, ili usijione uko kazini. Wimbi likaja, ukakanyaga na soksi. Akaukalia, akaubana chini ya paja la kushoto namna ya mtu anayesubiri kula mkekani. Akapata ganzi dakika ya nne, akayumba, nusura aiachie kana. Tanga likapiga makofi.

Hapo Mama akachomeka sindano yake ya kushonea kwenye kola, akaweka soksi pembeni, akapiga mapaja yake mara mbili.

“Lete hapa.”

“Nilete nini?”

“Mguu. Uweke hapa nikushikie. Ukikanyaga, unanikanyaga mimi.”

Mzee Breki akatazama mlango wa chumba cha ndani, ambao ulikuwa wazi, na ambao nyuma yake, hatua nne tu, alikuwa amelala mkwewe, mke wa mwanawe, binti aliyemwamkia shikamoo kila asubuhi ya Mungu. Mtu mzima, baba mkwe, kuweka mguu usio na kiatu mapajani mwa mkewe, mchana kweupe! Akitoka je? Akiona je? Heshima ya miaka mingapi itazama kwa kina gani? Akapima heshima upande mmoja, na nyuzi mia mbili na ishirini upande wa pili, akaona kwamba heshima ya mtu aliyepelekwa jikoni nayo si kubwa sana.

“Lakini akitoka—”

“Akitoka atauona mguu. Miguu ipo duniani, hata yeye ana miwili. Lete.”

Naye akauinua mguu ule, ewe msomaji, akauweka. Mkewe akaushika kifundo kwa mkono wa kushoto, kwa namna ya mtu aliyeshika kikapu chake mwenyewe sokoni, akarudi kwenye soksi yake akishona kwa mkono mmoja. Wimbi likaja. Mashua ikateremka. Mguu ukashtuka, ukataka, ukakaza vidole. Ukakuta chini yake kuna paja la mwanamke aliyemvumilia kwa miaka arobaini, ukalegea. Mgongo haukuegemea, kana haikuvutwa. Sindano ikatetemeka kwenye mia mbili ishirini, ikasogea hadi ishirini na mbili, ikarudi.

“Eh!” akasema Mzee Breki.

“Eh nini? Angalia mbele.”

Angalia mbele! Maneno yake mwenyewe, aliyoyasema kwa wanafunzi elfu nne: usitazame boneti, tazama mbali. Akaondoa macho kwenye dira alikokuwa ameyagandisha tangu saa tatu, akatafuta mbele, akapata wingu dogo nene lililokaa juu ya mstari wa bahari karibu na waya wa kulia wa mlingoti, akaipeleka mashua huko. Wingu liliposogea, akachagua jingine. Upepo ukamgusa nyuma ya sikio la kushoto, akajifunza kwamba ukihama sikioni mashua imehama njia. Polepole mikono ikaacha kukunja ngumi. Akavua glavu kwa meno, moja moja, akazitia mfukoni.

Furaha ikamjia, lakini juu ya furaha hesabu ikapanda, maana mwalimu ni mwalimu. Dakika hamsini zile za kwanza alikuwa ametupa mashua kulia karibu nyuzi kumi na mbili. Kwa mwendo wa maili sita kwa saa, hiyo ni maili nzima iliyokwisha potea! Hata akinyoosha kuanzia sasa mpaka saa sita, nywele isipinde, atafika pale pale ukingoni mwa hukumu, mguu mmoja jikoni.

“Tumeshaharibu,” akamwambia mkewe. “Maili moja tayari iko kulia.”

“Si uirudishe?”

“Nimeamriwa mia mbili ishirini.”

“Umeamriwa usitoke kwenye mstari. Mwanafunzi wako akiegesha mbali na ukingo, unamwambia abaki huko huko kwa sababu sasa magurudumu yamenyooka?”

Mzee Breki akamtazama mwanamke huyu kwa macho mapya, akajiuliza kwa nini gari jeupe lilipewa yeye na si mkewe. Akapiga hesabu upya kwa vidole vilivyokuwa wazi. Nyuzi tatu tu kushoto, kwa saa mbili zilizobaki, zingerudisha zaidi ya nusu ya kilichopotea. Tatu, si sita, kwa kuwa akigeuka zaidi matanga yatabadilika na Nahodha ataamka. Mia mbili kumi na saba! Lengo jembamba, ambalo saa moja iliyopita asingeweza kulipata hata kwa bahati, akalitangaza kwa sauti ya mpiga mbiu: “Mia mbili kumi na saba, nimejipokelea mwenyewe!”

“Usipige kelele, utamwamsha.”

Saa nne ikapita, na saa tano ikafika, na Mlinzi wa Kona akawa Mlinzi wa Mahali Pasipo Kona. Majeshi ya mawimbi yalikuja safu kwa safu, nayo yalipokelewa, yakasindikizwa, yakaagwa kwa adabu. Mama alimaliza soksi ya kwanza. Walizungumza kidogo juu ya kabati la vyombo, na Mzee Breki akakiri kwamba pale mwanzo ndipo palikuwa pazuri.

Saa tano na dakika arobaini, likaja wimbi mama wa mawimbi, pana kuliko uwanja wa mpira, likaiinua mashua juu, juu, mpaka wakaona bahari yote chini yao. Na katika dakika hiyo hiyo, kwa ile hila ya majaaliwa ambayo hata maadui waungwana huiona aibu, Nahodha akatokea mlangoni, nywele zimesimama, kikombe mkononi.

Akauona mguu. Mzee Breki akaona kwamba ameuona. Damu ikampanda masikioni, na kila mshipa wa heshima ukamwambia: utoe! Utoe mguu, vaa kiatu, kohoa, sema jambo la hali ya hewa! Mashua ikaanza kuteremka. Mkewe akakaza kifundo. Na Mzee Breki, Mkanyagaji Asiyesinzia, akauacha mguu pale ulipo, akakaza macho kwenye wingu lake, akaipitisha mashua kwenye mteremko ule mrefu bila sindano kuvuka nyuzi mbili huku wala huku.

Nahodha akageuza uso haraka kuelekea baharini, kama anayehesabu ndege, ingawa ndege hawakuwapo. “Nimekuja kuangalia… hali ya hewa,” akasema.

“Nzuri,” akajibu baba mkwe.

“Naona.” Akateremka.

Saa sita ikatimia. Kwenye mashua hii kuna desturi, aliyoiweka Nahodha, kwamba anayeachia kana lazima kwanza ageuke, autazame mkia wake wa povu, aseme anachokiona, ndipo aandike daftarini. Siku tatu Mzee Breki alikuwa akigeuka haraka na kusema “povu.” Leo alivaa kiatu kwanza, akasimama, akatazama. Nyuma yao, kadiri jicho lilivyofika, palikuwa na njia nyeupe iliyonyooka, ikipanda wimbi na kushuka wimbi bila kuuliza.

“Naona barabara,” akasema.

Kisha akaandika daftarini, kwa mwandiko wa kujazia fomu za wanafunzi: “Dakika hamsini za mwanzo nilikwenda 232, kosa ni la mguu wangu. Zilizobaki nilikwenda 217, makusudi, kurudisha nilichoharibu.” Fundi akachomoka sandukuni kushika kana. Watatu waliobaki wakainama juu ya meza, magoti yakagongana, Nahodha akabonyeza skrini. Skrini ikafikiri. Ikaonyesha duara linalozunguka. Ikaendelea kuzunguka, na Mzee Breki akaanza kuwazia kisu cha kumenyea viazi, na mguu wake, chini ya meza, ukakanyaga.

“Nimeuhisi huo,” mkewe akasema.

Namba zikatokea. Nahodha akaweka rula, akachora alama ya msalaba, akapima kwa bikari kutoka kwenye mstari wa asubuhi. Akapima tena. Akasoma maneno ya daftarini, akayasoma mara ya pili taratibu, kidole kikifuata.

“Nusu maili,” akasema.

“Kulia au kushoto?” akauliza Mzee Breki, kwa kuwa hata ushindi una upande.

“Kulia. Nusu maili tu. Na ulijua ulikokosea, na ukajua kurudi.” Akainua macho, na kwenye macho hayo palikuwa na msichana aliyewahi kulia ndani ya gari jeupe, pembeni mwa ukingo wa barabara, kwa ajili ya kuegesha kinyumenyume. “Umefaulu, Baba.”

Mzee Breki akatazama rula, akatazama ramani, akatazama mikono yake isiyo na glavu.

“Hebu rudia,” akasema.

“Umefaulu.”

“Mara ya nne,” mkewe akaongeza, akimfuta pua kwa soksi aliyokuwa amemaliza kuishona. “Wengine wanapita ya kwanza.”

Basi iandikwe, na isomwe na wajukuu, na kila atakayeinua kikombe siku hiyo ainue kwa heshima: kwamba siku ya sita ya safari, kati ya saa tatu na saa sita, mtu mmoja aliyestaafu alikwenda maili kumi na nane akamaliza nusu maili tu kutoka kwenye mstari, na bahari, ambayo imekwisha wameza wafalme, haikuwa na la kusema. Na kama mtu atatia shaka, ushahidi upo. Siku ile ile baada ya chakula Nahodha aliibandua ratiba ya zamu iliyokuwa mlangoni mwa jiko, akaandika mpya kwa kalamu nyeusi, akaibandika kwa gundi ya karatasi; na ratiba hiyo, baada ya mashua kukabidhiwa Ijumaa, siku moja kabla ya siku iliyotakiwa, iliondoka ikiwa mfukoni mwa Mzee Breki, na leo imetundikwa sebuleni kwake, chini ya ile saa ya ukutani, juu ya kabati lililorudi mahali pake. Mstari wa kwanza unasomeka hivi: “Saa tatu hadi saa sita. Baba: usukani. Mama: mguu.”